Kipigo cha Melbourne na Kipigo cha New Jersey

Tangu Septemba 2023, UFC, kampuni kubwa kuliko zote ya mapigano mseto, na WWE, kampuni kubwa kuliko zote ya mieleka ya televisheni, zimo mikononi mwa mmiliki mmoja, kampuni ya Marekani iitwayo TKO. Januari 2025 mieleka ya Jumatatu usiku ilihamia Netflix kwa mkataba wa miaka 10 unaotajwa kufikia dola bilioni 5. Agosti mwaka huohuo UFC ikaiuzia Paramount haki za kuonyesha mapigano yake nchini Marekani kwa miaka 7, thamani yake dola bilioni 7.7. Wapo waliokunja nyuso kwamba mchezo wa kweli sasa unalala nyumba moja na maigizo. Kwangu mimi, kama kwa wengine tuliofuatilia mapigano haya katika muongo uliopita, habari hizo zilifufua kumbukumbu ya Ronda Rousey, mwanamke aliyeishi katika nyumba zote mbili kabla hazijaunganishwa ukuta. Nimeipitia upya miaka yake kwa sababu inajibu swali linaloulizwa tena leo: bingwa anapotoka kizimbani na kuwa mburudishaji, anaacha kitu gani hasa? Wengi walijibu kwamba anaacha ukweli na kufuata uongo. Nikiyatazama matukio yale kwa mpangilio wake, naona jibu tofauti. Burudani ilikuwa kazi yake tangu siku alipoajiriwa kupigana. Alichokiacha ni mpango ambao faida ya simulizi iligawanywa kwa wengi, huku gharama ya kuvunjika kwake ikibebwa na mtu mmoja.

Tuanzie Beijing, Agosti 2008. Rousey, binti wa AnnMaria De Mars, Mmarekani wa kwanza kutwaa ubingwa wa dunia wa judo, mwaka 1984, alishinda medali ya shaba katika uzito wa kilo 70. Kabla yake hakuna mwanamke wa Marekani aliyekuwa amepata medali ya judo tangu mchezo huo wa wanawake uingizwe rasmi katika Olimpiki mwaka 1992. Alikuwa na umri wa miaka 21, na tayari alikuwa ameshiriki Athens mwaka 2004 akiwa na miaka 17. Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Chake kilivikwa, kisha kikarudi Los Angeles kumimina vinywaji baa. Zawadi ya kamati ya Olimpiki ya nchi yake kwa medali ya shaba ilikuwa dola 10,000 kabla ya kodi, na kwa muda aliishi ndani ya gari lake. Kisa hiki kimezoeleka kusimuliwa kama hadithi ya mtu aliyeanzia chini akapanda. Mimi nakiona kuwa ushahidi wa jambo jingine. Umahiri wake wa mwaka 2008 ulikuwa ule ule uliokuja kumfanya maarufu duniani: kumrusha mpinzani chini, kuunasa mkono wake, kuunyoosha kinyume cha kiwiko mpaka akubali kushindwa. Mwili ni ule ule, mbinu ni ile ile. Kilichokosekana ni soko lenye simulizi la kumweka ndani yake. Judo ya Marekani haikuwa na simulizi hilo, na bila hilo ubora wa hali ya juu kabisa ulilipa kodi ya nyumba kwa shida.

Simulizi lilipatikana alipoingia mapigano mseto, akaanza ya kulipwa Machi 2011. Mwaka huohuo rais wa UFC, Dana White, aliulizwa barabarani ni lini wanawake watapigana katika kampuni yake, akajibu kwamba haitatokea kamwe. Kwa hiyo njia ilikuwa Strikeforce, kampuni ndogo zaidi iliyokuwa tayari imenunuliwa na wamiliki wa UFC. Hapo Rousey alifanya jambo ambalo wapenzi wa mchezo safi hawakulipenda: alijipigia debe. Alikuwa akipigana katika uzito wa ratili 145. Akatangaza kwamba anashuka hadi 135 kumfuata bingwa Miesha Tate, akamchokoza mbele ya vipaza sauti wiki baada ya wiki. Nafasi ya kugombea mkanda ikaenda kwake, ilhali Sarah Kaufman, aliyewahi kuushika mkanda huo, alikuwa akiingoja kwa kazi yake ya muda mrefu. Machi 3, 2012, huko Columbus, Ohio, Rousey alimshinda Tate katika raundi ya kwanza. Mtu anaweza kusema: mbona alishinda, basi alistahili. Ni kweli alishinda, na baadaye akamshinda Kaufman pia chini ya dakika moja. Lakini kustahili kulithibitishwa baada ya mlango kufunguliwa, na mlango ulifunguliwa na maneno. Ukiniuliza lini Rousey alianza kuwa mburudishaji, nitakuambia ni hapo, akiwa bado hajavaa mkanda wowote.

White alibadili kauli. Mwishoni mwa 2012 Rousey alitangazwa kuwa mwanamke wa kwanza kusajiliwa na UFC, na bingwa wake wa kwanza wa kike. Februari 23, 2013, huko Anaheim, California, pambano lake na Liz Carmouche lilikuwa pambano kuu la usiku, juu ya wanaume wote waliokuwamo. Miaka miwili na nusu iliyofuata ndiyo wengi wetu tunayoikumbuka kwa jina lake. Sara McMann, mwanamieleka mwenye medali ya fedha ya Olimpiki, alidumu sekunde 66. Alexis Davis alidumu 16. Cat Zingano, aliyekuwa hajawahi kupoteza, alidumu 14. Bethe Correia, mbele ya umma wa kwao Brazil, alidumu 34. Wakati huohuo, bingwa huyo alionekana katika filamu ya The Expendables 3 mwaka 2014, kisha Furious 7 na Entourage mwaka 2015, akaandika kitabu, akapokea tuzo ya mpiganaji bora iliyokuwa ikimgombanisha na bondia Floyd Mayweather. Machi 2015 alipanda ulingoni kwenye WrestleMania, tamasha kuu la WWE, akiwa na mwanamieleka na mwigizaji The Rock, bado akiwa bingwa wa UFC. Hakuna mstari hapo unaoweza kuuchora na kusema upande huu ni mwanamichezo na upande ule ni msanii. Kampuni yenyewe iliuza vyote viwili katika tangazo moja, na watu walinunua vyote viwili kwa bei moja. Ninachokikumbuka zaidi ni jinsi mazungumzo yalivyogeuka. Watu waliacha kuuliza atashindaje, wakaanza kuuliza kama kuna mwanamume wa uzito wake atakayemweza. Simulizi lilikuwa limempita mwenyewe: halikuwa tena la mwanamke hodari wa judo anayejifunza ngumi, lilikuwa la kiumbe asiyeshindika.

Novemba 15, 2015, huko Melbourne, Australia, watu 56,214 walijaa uwanjani, idadi ambayo UFC haikuwa imewahi kuifikia. Holly Holm, aliyekuwa bingwa wa dunia wa ngumi kabla ya kuhamia mapigano mseto, alifanya kile ambacho bondia mzuri humfanyia mtu wa judo anayekimbilia mbele: akasogea pembeni, akamwacha apite, akampiga mkono wa kushoto kila alipogeuka. Sekunde ya 59 ya raundi ya pili, teke la kushoto lilitua shingoni na kichwani, Rousey akaanguka. Kwa macho ya michezo, hapakuwa na muujiza. Mitindo miwili ilikutana na mmoja ukampa taabu mwenzake. Miezi minne haikupita Holm naye akapokonywa mkanda na Tate. Julai 2016 Tate akapokonywa na Amanda Nunes. Ndani ya miezi minane mkanda ulipita mikono mitatu, na kushindwa kwa Holm na kwa Tate kulichukuliwa kama kunavyostahili kuchukuliwa, kwamba ni sehemu ya mchezo. Kwa Rousey mambo yalikuwa mengine. Picha yake akiwa chini ilizungushwa duniani kama kichekesho, watu maarufu wakajiunga, na ushindi 12 uliotangulia ukaanza kuitwa bahati ya kukutana na wanyonge. Februari 2016 alisema hadharani, katika kipindi cha televisheni cha Ellen DeGeneres, kwamba usiku ule katika chumba cha matibabu alifikiria kujiua. Baba yake alijiua yeye akiwa na miaka minane. Hayakuwa maneno ya kutafuta huruma. Kipigo kilikuwa kimoja kama vya wenzake. Kilichokizidisha uzito ni simulizi lililopandishwa juu ya mabega yake, ambalo wengi walikuwa wameuza tiketi kwalo, na lilipoanguka likamwangukia yeye.

Na halikuacha kuuzwa. Aliporudi Desemba 30, 2016, huko Las Vegas, kupigana na Nunes, matangazo yalijaa uso wake ingawa bingwa alikuwa Nunes. Malipo yaliyotangazwa na mamlaka ya michezo ya Nevada yalikuwa dola milioni 3 kwa Rousey. Bingwa alipata dola 200,000, nusu yake ikiwa ni nyongeza ya kushinda. Pambano lilimalizika kwa sekunde 48. Aliyepoteza alilipwa mara 15 ya aliyeshinda. Takwimu hiyo naiona kuwa ya kweli zaidi kuliko hotuba zote kuhusu usafi wa mchezo, kwa sababu fedha haina adabu ya kuficha inachokinunua. Kama kilichonunuliwa kingekuwa ubora wa kupigana, mizani ingeelemea upande wa pili. Kilichonunuliwa ni swali: je, ataamka? Nunes, ambaye leo wengi humtaja kuwa mpiganaji bora wa kike aliyewahi kuwapo, alikuwa mhusika msaidizi katika hadithi ya mtu mwingine, na alilipwa kama mhusika msaidizi.

Rousey hakupigana tena kizimbani miaka hiyo; alihamia WWE. Januari 28, 2018 alijitokeza Royal Rumble, tamasha jingine la kampuni hiyo, Aprili akapigana mieleka kwa mara ya kwanza kwenye WrestleMania huko New Orleans, Agosti akatwaa mkanda wa wanawake wa Raw, mieleka ile ya Jumatatu usiku. Aprili 7, 2019, katika uwanja wa MetLife, New Jersey, yeye na wanamieleka wenzake Becky Lynch na Charlotte Flair walifunga WrestleMania, mara ya kwanza kwa wanawake kuwa pambano kuu la tamasha hilo. Lynch alimbana mabega Rousey na kuondoka na mikanda miwili. Mbele ya umati mkubwa kuliko wa Melbourne, bingwa alishindwa tena. Nini kilimpata? Hakuna. Hakuna aliyesema maisha yake yote yalikuwa udanganyifu. Kushindwa kule kulipangwa ili kumwinua mwingine, na kulimaliza sura moja ya kazi yake kwa heshima. Alipumzika, akapata mtoto mwaka 2021, akarudi Januari 2022 na kushinda Royal Rumble kana kwamba New Jersey haikutokea. Weka vipigo hivi viwili kando kwa kando, na tofauti ya kazi mbili hizi inaonekana kuliko mahali pengine popote. Katika mieleka, kushindwa ni sehemu ya hadithi, na walioiandika hadithi wanalazimika kumtunza aliyeshindwa kwa sababu kesho watamhitaji. Katika mapigano mseto hadithi huuzwa kwa namna ileile, ila hakuna aliye na uwezo wa kuidhamini. Mdhamini pekee ni mwili wa mpiganaji.

Pingamizi la kwanza linajulikana vizuri hata huku kwetu Afrika Mashariki, ambako mieleka ya televisheni ina watazamaji tangu enzi za WWF, jina la zamani la WWE, na ubishi wa kama ni kweli au maigizo umevunja urafiki wa wengi. Wanasema: bingwa wa kweli aliyekubali kushindwa kwa kuandikiwa amejishusha. Wanaweza hata kumtumia Rousey mwenyewe kuwa shahidi, maana mwaka 2020 alisema hadharani kwamba haoni kwa nini arudi kwenye mapigano ya uongo kwa ajili ya mashabiki wasio na shukrani, akawaudhi hata wenzake. Lakini mpangilio wa matokeo haumaanishi kwamba mwili haufanyi kazi. Mbao za ulingo ni mbao, na mtu anayerushwa huanguka kwa uzito wake. Ustadi uleule wa judo, wa kumwinua mtu na kujua atatua wapi, ndio uliomfanya ajifunze kazi hiyo haraka kuliko wengi. Tofauti ni kwamba sasa ustadi ulitumika kumlinda aliyekuwa naye badala ya kumuumiza. Isitoshe, njia hii hupitika pande zote. Brock Lesnar alikuwa bingwa wa WWE kabla hajawa bingwa wa uzito wa juu wa UFC Novemba 2008, katika pambano lake la nne tu la kulipwa. Walioona aibu Rousey kwenda mieleka hawakuona aibu Lesnar kuletwa kizimbani kwa sababu ya jina alilolipata katika mieleka hiyohiyo, na kampuni iliuza jina hilo bila kusita.

Pingamizi la pili ni la fedha. Mtu aliyelipwa dola milioni 3 kwa sekunde 48 ana lipi la kulalamikia? Hili lina uzito, na halijibiwi kwa kumwonea huruma tajiri. Hoja haihusu kiasi alichopata mmoja bali jinsi kapu lilivyogawanywa. Wapiganaji walioishtaki UFC kwa kuhodhi soko la kazi yao walikuwa wale waliopigana kati ya Desemba 2010 na Juni 2017, yaani kipindi kilekile cha utawala wa Rousey. Kesi ilimalizika kwa makubaliano ya dola milioni 375, yaliyoidhinishwa mahakamani Februari 2025, bila hukumu ya nani mwenye kosa. Lakini nyaraka zilizowekwa wazi zilionyesha kwamba wapiganaji wote kwa pamoja walikuwa wakipata takriban moja ya tano ya mapato ya kampuni, ilhali wachezaji wa mpira wa kikapu na wa mpira wa Kimarekani, wenye vyama vya wafanyakazi, hupata karibu nusu. Mpiganaji wa UFC huhesabiwa kuwa mkandarasi wa kujitegemea, hana chama. Dola milioni 3 za Rousey hazipingani na picha hiyo, zinaikamilisha. Mfumo humlipa vizuri yule mmoja aliyebeba simulizi, kwa muda anaoweza kulibeba, na mwanga wake hutosha kuwafanya watu wasiulize kuhusu wengine mia kadhaa. Alipoporomoka, kampuni ilikuwa tayari na Nunes, na wengine nyuma yake.

Pingamizi la tatu ndilo gumu kuliko yote: hatari ndiyo mchezo wenyewe. Ukimkinga bingwa asivunjike, umeua sababu ya kumtazama. Nakubali nusu. Melbourne ilikuwa na maana kwa sababu hakuna aliyejua kitakachotokea, na Holm alistahili kila chembe ya ushindi wake. Sitaki kipigo kile kiandikwe upya. Ninachokataa ni wazo kwamba hatari ya kushindwa lazima iambatane na mpiganaji kubeba gharama yake peke yake. Katika kitabu chake cha mwaka 2024 Rousey alieleza kwamba alikuwa amepata mitikisiko ya ubongo mara nyingi tangu siku za judo, akaificha kwa sababu kukiri kungemaliza kazi, na kwamba aliingia Melbourne akiwa na historia hiyo kichwani. Mashabiki waliodai aeleze kwa nini alianguka hawakuwa na habari. Yeye aliyekuwa na habari hakuwa na mahali salama pa kuisema. Mchezo ungebaki na hatari yake yote hata kama kungekuwapo na fedha za matibabu ya ubongo baada ya kustaafu, mikataba isiyomfunga mtu miaka na miaka, na chama cha kusema badala ya mtu mmoja. Teke la Holm lingeuma vilevile. Tofauti ingekuwa katika kile kilichofuata.

Wala mieleka si pepo ya mfanyakazi. WWE nayo huwaita watu wake wakandarasi, nao hawana chama, na majeraha yao hayaandikwi katika hadithi. Rousey mwenyewe, baada ya kuondoka mwaka 2023, aliandika kwa ukali kuhusu uongozi wa kampuni hiyo na namna hadithi zilivyobadilishwa dakika za mwisho bila kumjali anayezicheza. Alichokipata huko ni kitu kimoja ambacho kizimba hakikumpa: haki ya kushindwa bila kufutwa. Ni kidogo, lakini kinatosha kuonyesha kwamba kufutwa kule kwa mwanzo hakukuwa sheria ya maumbile. Kulitokana na namna biashara ilivyopangwa.

Kwa hiyo, wanaolia leo kwamba UFC na WWE kulala nyumba moja kumechafua mchezo wanalilia jambo lililokwisha kutokea kabla ya karatasi kusainiwa. Lililobaki wazi ni nani anafaidi muungano huo. Kampuni moja sasa inaweza kumchukua mpiganaji akiwa na miaka 24, ikamjenga jina kizimbani, ikamhamishia jukwaani mwili ukichoka, na ikavuna simulizi lake pande zote mbili karibu bila mnunuzi mwingine wa kushindana nayo. Kwa mpiganaji, hilo laweza kuwa daraja la kustaafia au laweza kuwa kamba ndefu zaidi, kutegemea mkataba unasemaje kuhusu jina lake, afya yake na gawio lake la mabilioni yale ya televisheni. Miaka ya Rousey imenifundisha mahali pa kuangalia nitakapotaka kujua jibu. Matokeo ya pambano hayatanionyesha, wala ubishi wa lipi la kweli na lipi la kuigiza. Nitatazama bingwa anayefuata atakapoanguka, kisha niulize nani alilipwa siku ile na nani aliachiwa deni.